Kipande Kilichobaki

Jumanne mashine ya kufulia iligoma na maji tumboni.
Shuka la buluu limejibana kwenye kioo, linanikodolea,
nami nimekaa juu ya ndoo, ghorofa ya tano, Pernik,
theluji imeziba roshani.

Fundi alikuja. Hakupiga goti.
Alitega sikio kama daktari mwenye foleni ndefu,
akasema, "Pampu imekufa, bibi, na ikifa pampu
mota iko njiani. Nunua mpya."
Leva arobaini kwa maneno hayo, na matope ya buti zake.

Lachezar, mkwe wangu, akapiga simu kutoka Sofia:
kuna punguzo hadi Jumapili, wanaleta mpya
na ya zamani wanaichukua bure.
Wanaipeleka wapi? nikauliza.
Akanyamaza. Hajawahi kuulizwa.

Miaka ishirini na sita niliendesha basi la umeme.
Nguzo ikichomoka kwenye waya katikati ya makutano,
abiria wananuna, honi zinalia,
nashuka, navaa glavu, nairudisha kwa kamba.
Hakuna aliyeniambia ninunue basi jingine.

Basi nikachomoa plagi. (Hilo kwanza. Liandikeni ukutani.)
Nikatandaza magazeti, nikaleta trei ya kuokea,
bisibisi ya marehemu, mpini umefungwa plasta,
na kisahani cha chai cha kuwekea skrubu.
Skrubu nane. Nilizihesabu kwa sauti.

Maji yalitoka ya kijivu, yananuka kinamasi,
trei ya kwanza, ya pili, hadi ya sita,
magoti yakinikumbusha mwaka niliozaliwa.
Nyuma ya kichujio kuna feni ndogo ya plastiki
inayotakiwa kuzunguka. Haikuzunguka.
Nikaingiza kidole; kidole huona gizani kuliko jicho.
Uzi. Nywele. Kifungo. Sarafu isiyonunua kitu tena.
Kisha kitu kidogo, chenye ndoana.

Kipuli changu.
Cha dhahabu, jiwe jekundu. Mwenzake yumo sandukuni
peke yake tangu jioni ile
nilipogonga mlango wa Ginka, ghorofa ya tatu,
mbele ya mumewe, mbele ya wageni wa siku ya jina lake,
nikasema: Ni wewe uliyeingia kwangu kuazima sukari.

Miaka tisa. Kumbe kilikuwa safarini,
kutoka kwenye ngoma hadi kwenye pampu,
shibiri tatu tu,
kikifuliwa na shuka zangu, kikisuuzwa, kikikamuliwa,
safi kuliko mimi.

Nilirudisha kila kitu. Nikachomeka.
Ikanguruma, ikakohoa, ikatema maji yote,
na ilipofika kukamua, vikombe vilicheza kabatini.
Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi. Dakika kama mbili.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta;
hawakusema ukuta uliojengwa pasipostahili
unabomolewa kwa bisibisi ya namba ngapi.

Alhamisi nikashuka ngazi.
Ginka alifungua, mnyororo bado umefungwa.
Sikuwa na hotuba. Nikasema:
Nasikia pasi yako haishiki moto.
"Nani kakwambia?"
Nguo zako, pale kwenye kamba.
Aliniangalia muda mrefu. Mnyororo ukalegea.

Ilikuwa waya tu, umekatika ndani ya ngozi yake,
pale unapokunjwa kila siku, pale pale,
kwa nje huoni kitu.
Nikakata, nikachuna, nikaunga; yeye akashika tochi,
mwanga ukitikisika, na sikuinua macho kuona kwa nini.
Tulipofunga kifuniko akachungulia kisahani chake.
"Skrubu zimekwisha. Na hiki kilichobaki?"

Kila atengenezaye nyumbani hubakiwa na kipande
asichojua kimetoka wapi.
Hiki nilijua.
Nikavuta kiti. Nyuma yake pasi
ilikuwa imeanza kupata moto.